Tunaonana, Funga Nati

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kioo. Sikupewa spana wala mkanda wa kupandia mlingoti. Nilipewa kioo kidogo cha mviringo, cha aina ile wanaume hutumia kunyolea ndevu, chenye fremu nyekundu ya plastiki. Aliyenipa alikuwa Fundi Mkuu, mzee mfupi aliyezeekea kwenye simu za waya kabla ya kuajiriwa na kampuni yetu ndogo ya intaneti mjini Thika. Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi ni mwanamke. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaka yangu na buti zilizonizidi miguu, na nilikuja nikiwa nimeshajiandaa kugombana.

"Hii ni ya kujipaka mafuta ama?" nikamwuliza.

"Ngai, huyu msichana ako na mdomo," akasema, bila kunikasirikia. "Panda nayo huko juu. Ukifika, angalia upande ya Ruiru. Ukiona kitu inamulika, hiyo ni mtu yetu. Na wewe ummulikie."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ndani ya ghala katika eneo la viwanda, na mlingoti ulisimama juu ya paa la ghala hilo. Nilipanda nikiwa nimekiweka kioo kifuani. Nilipofika juu nilikuta upepo ambao watu wa chini hawaujui, na harufu ya ngozi mbichi kutoka kiwandani, na nyuma yangu mlima wa Kilimambogo ukiwa umevaa wingu lake la asubuhi. Mbele yangu, upande wa Ruiru, ilikuwa kahawa tupu, kijani juu ya kijani, na mikaratusi iliyosimama kando ya mito. Nilitazama mpaka macho yakaanza kutoa machozi. Kisha kitu kikametameta mbali sana, kikazima, kikametameta tena. Nikatoa kioo changu, nikatafuta jua, nikajibu.

Simu yangu ikalia hapo hapo. "Nimekuona," sauti ya mwanaume ikasema, ya mtu wa magharibi, nzito na ya taratibu. "Naitwa Wafula. Niko juu ya tangi ya maji hapa Ruiru. Wewe ni nani?"

"Wanjeri."

"Karibu kazini, Wanjeri. Usiangalie chini."

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Wafula. Nilimwona kwanza kama mwanga, kisha nikamsikia kama sauti, na miezi ikapita kabla sijaujua uso wake.

Naandika haya kwa ajili yenu ninyi vijana mnaofunga intaneti ya kizazi cha tano. Nawaona hapa mtaani kwangu Gitothua. Mnaingia na kisanduku cheupe, mnakiweka dirishani, mnabonyeza kitufe, mnaondoka kabla chai haijachemka. Sisemi kwamba nyinyi ni wavivu, ingawa baadhi yenu ni wavivu. Nasema hamjui tulikotoka. Naandika pia kwa sababu yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilingoja mtu mmoja aniambie neno moja, na neno hilo na kazi yetu viliingiliana kwa namna ambayo mtu asiye fundi hawezi kuielewa nisipomweleza kazi yenyewe.

Basi nianze na kuonana.

Redio za wakati ule, yaani vile vifaa vinavyotuma intaneti hewani, zilikuwa na dishi moja kila upande. Dishi la Thika lilitazama Ruiru, na la Ruiru likatazama Thika. Njia ile ya mawimbi kati yao tuliiita linki. Ili linki ifanye kazi, ilibidi madishi yaonane. Mti mmoja katikati, au ghorofa, au kichwa cha kilima, vilitosha kuiua. Ndiyo sababu ya vioo: kabla ya kubeba dishi zito juu, tulihakikisha kwanza kwamba mtu anaweza kumwona mtu. Tukishajua hivyo, kila mmoja alifunga dishi lake na tukaanza kulenga, tukiongea kwa simu. Mmoja anazungusha polepole, mwingine anasoma mita.

"Unaniona?"

"Nakuona kidogo. Endelea kulia. Pole pole. Umepotea. Rudi. Hapo! Hapo nakuona poa."

Linki ikisimama, hatukuandika kwamba imekamilika. Tulimpigia Fundi Mkuu na kusema, "Zimeonana." Neno hilo likatuingia damuni. Mteja akituuliza kwa nini intaneti imekufa, tulimjibu kwamba hatuonani na Ruiru, naye alituangalia kama wagonjwa. Na kwa kuwa neno lilikuwa limeshachukuliwa na madishi, sisi mafundi wenyewe tukiwa na haja ya kukaa pamoja tulisema "tupatane." Tupatane stage, pale kituo cha matatu. Tupatane kwa ofisi. Kuonana kulikuwa kwa vyuma.

Fundi Mkuu alikuwa na fundisho moja alilolirudia kila tulipopanda, na lilinichosha sana nilipokuwa kijana. Dishi lina vilele vya uongo. Ukilizungusha, unapata mawimbi madogo pembeni kabla ya kuyafikia makubwa ya katikati, na fundi mwenye haraka hufungia pale pembeni akidhani amefika. Intaneti inapita, mteja anashukuru, halafu mvua ya kwanza inakuja na kila kitu kinakatika.

"Ukipata signal usifurahie haraka," mzee alikuwa akipaza sauti kutoka chini, mkono mmoja ukiwa juu ya macho. "Zungusha mpaka ipotee! Irudie! Mpaka uipoteze huku na huku ndiyo utajua ilikuwa wapi!"

Linki yetu ya Thika na Ruiru ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa kampuni. Intaneti ilitoka Nairobi ikafika tangi la Ruiru, ikarukia kwetu, na kutoka Thika tukaigawa kwa wateja: saiba za mjini, vile vyumba vya kukodi kompyuta, vyuo, mashamba ya maua, ofisi za viwanda. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, mimi na Wafula tulipigiana simu kusomeana mita. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Sisi tuliivuta. Aliniambia mvua imenyesha kwao Bungoma, mama yake amepanda mahindi, kunguru wamejenga kiota kwenye dishi lake na hana moyo wa kukitoa. Mimi nilimwambia habari za shangazi yangu aliyekuwa akinitafutia mume kila Jumapili baada ya kanisa.

"Na umepata?" aliuliza siku moja.

"Wote ni wa side lobe," nikamwambia, maana hivyo ndivyo vitabu vyetu vilivyoviita vile vilele vya uongo. Alicheka mpaka akaniambia nimngoje ashike nguzo vizuri.

Nilipenda kile kicheko. Naweza kusema hivyo sasa, hakuna wa kunizuia. Nilipenda jinsi alivyonyamaza kidogo kabla ya kujibu. Tulipokutana uso kwa uso kwenye mikutano ya wafanyakazi, alikuwa mtu mwingine: mrefu, amekaa nyuma, anachezea kofia yake, haongei. Ukimsalimia "sasa," anasema "poa," mazungumzo yamekwisha. Nilimwachia mkono, nikaenda kukaa na wengine, nikisubiri asubuhi ya kesho nimpate Wafula wangu kwenye simu. Niliamini kwamba siku moja atasema kitu. Msichana wa kwetu wakati ule hakumwanza mwanaume. Nikangoja.

Wakati nangoja, biashara ilikuwa ikibadilika. Mwanzoni tulikuwa peke yetu kwenye paa zote za Thika. Kisha kampuni nyingine ikaja, na nyingine, mpaka mlingoti mmoja ukabeba madishi kama mti wa kanisa wakati wa Krismasi. Mawimbi tuliyotumia kwa wateja yalikuwa masafa huria, maana yake hayakuhitaji leseni, kila mtu angeweza kuyatumia. Fikiria umesimama kwenye soko la Githurai 45 saa za jioni, wauzaji wote wakipiga kelele, ukijaribu kusikia mtu mmoja tu. Hiyo ndiyo hali waliyokuwa nayo madishi yetu. Tuliiita mwingiliano.

Meneja wa Eneo akanihamishia Githurai kwa muda kwenda kupigana na mwingiliano huo. Alikuwa mwanaume wa tai, mwenye haraka, aliyetembea akiongea. "Wanjeri, mteja hanunui dishi," aliniambia. "Ananunua video isiyokwama. Jirani akimpa video isiyokwama, kwaheri." Nilikwenda. Kule nilijifunza mambo yasiyo kwenye kitabu chochote. Kwa mfano, mtandao wa jengo moja ulikuwa ukifa kila Jumamosi. Tulibadilisha redio, tukabadilisha waya, tukabadilisha masafa. Mwisho nikapanda paani Jumamosi yenyewe, nikamkuta mama mmoja ameanika blanketi nzito zilizolowa kwenye kamba iliyopita mbele ya dishi letu. Maji huyameza mawimbi, na blanketi ile ilikuwa na maji ya kutosha kumeza jengo zima.

"Mama, hii kamba tunaomba tuisongeshe kidogo," nikamwambia.

"Kwani hiyo sahani yenu haiwezi kuangalia kando?" akanijibu. "Blanketi ya watoto itakauka wapi, kwa intaneti?"

Tulisogeza dishi.

Ruiru, kwa Wafula, tatizo lilikuwa jingine. Kahawa ilikuwa ikikatwa, mashamba yakigawanywa, na ghorofa zikiota. Ghorofa haikui siku moja. Inakua orofa kwa orofa, kila mwenye nyumba akipata nguvu. Wafula ndiye aliyenifundisha kusoma nondo. Ukitazama paa la jengo na kuona vyuma vya nondo vimeachwa vimesimama juu ya nguzo, ujue mwenyewe hajamaliza, ana ndoto ya orofa nyingine, na ndoto yake itasimama mbele ya linki yako. Kila asubuhi Wafula alinihesabia nondo za watu. "Yule wa gorofa ya bluu ameleta mchanga," ananiambia. "Wanjeri, huyu atatuziba."

Nilichukia kila orofa iliyoongezwa Ruiru. Watu walikuwa wanajenga makao ya watoto wao, na mimi kwenye paa za Githurai nilikuwa naomba saruji iwaishie. Nilijua wazi kwa nini. Linki ikizibwa, kazi yetu ya asubuhi ingekwisha, na yeye angekuwa mtu wa kofia tu kwenye mikutano.

Tuliokolewa na redio mpya. Kampuni ilipata leseni ya masafa yake yenyewe, tukaletewa redio za kasi kubwa, na mlingoti wa tangi la Ruiru ukaongezwa urefu ili uruke juu ya yule wa ghorofa ya bluu. Nilirudishwa Thika kwa ajili ya kazi hiyo. Kulenga madishi yale mapya kulikuwa kugumu kuliko ya zamani, maana mwale wake ulikuwa mwembamba. Nusu ya mzunguko wa nati ilitosha kukupoteza.

Ilikuwa asubuhi safi, baada ya mvua. Nilikuwa juu, mkanda umenikaza kiunoni, mita shingoni, visikizi masikioni. Wafula alikuwa juu ya tangi. Tulizungusha, tukapotezana, tukarudiana, kama mzee alivyotufunza. Hatimaye mita yangu ikapanda kuliko nilivyowahi kuiona. Nikatulia, nikaogopa hata kupumua.

"Wanjeri," akasema.

"Niambie."

Akanyamaza kile kimya chake. Nilisikia upepo upande wake. "Nataka tuonane."

Nikaisoma mita tena. "Tunaonana poa sana," nikamwambia, na furaha yote ya kazi ilikuwa kwenye sauti yangu. "Usiguse tena! Funga nati!"

Kimya kingine, kirefu kuliko kile cha kwanza. Kisha nikasikia spana yake ikilia kwenye chuma.

"Sawa," akasema. "Nimefunga."

Nanyi mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilishuka nikimwambia kila mtu kwamba zimeonana, Fundi Mkuu akaninunulia soda, na jioni ile nikiwa nyumbani nilijiuliza, kama kawaida yangu, Wafula atasema lini.

Baada ya hapo asubuhi zetu zilibaki, lakini zilipungua maneno. Nilidhani ni kazi imemzidi. Kabla mwaka haujaisha, alitutangazia kwamba anaoa, mwalimu wa kwao Bungoma, mwanamke mpole ambaye nilikuja kumpenda kwa ajili yake mwenyewe. Kampuni ilinichagua nipeleke zawadi ya wafanyakazi harusini. Nilicheza ngoma zao mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, na watu wakanisifu kwamba Mkikuyu huyu anajua kucheza. Kwenye gari la kurudi niliuegemea mlango, nikajifanya nimelala. Nililia, ndiyo. Nilijiambia nimepumbazwa na sauti, kwamba mwanaume yule hakuwahi kunitaka, na kwamba mtu mzima hawezi kudai kitu ambacho hakuahidiwa. Jumatatu nikampigia kusoma mita.

Miaka iliyofuata mnaijua nusu. Simu zikapata intaneti zenyewe. Kizazi cha tatu kilikuja, tukakicheka kwa kuwa kilikwama kila saa. Cha nne kilikuja, hatukucheka tena. Halafu faiba, ule waya mwembamba wa kioo unaobeba mwanga, ikaanza kutambaa kwenye nguzo za umeme kutoka mtaa wa Kahawa Sukari hadi ndani kabisa ya Ruiru. Nilipelekwa Kahawa Sukari kuzuia wateja wasihame. Wanafunzi wa vyumba vya kukodi walinipenda sana, wakanipa kiti, wakanisikiliza, wakahama. Mawakala wa kampuni zote walikuwa wakigongana mlangoni. Nilimwona mmoja akimsaidia mwenzake wa kampuni pinzani kubeba ngazi, kisha wakagombea mteja yule yule ngazi ikiwa bado mabegani mwao. Fundi Mkuu alistaafu, akaenda kufuga ng'ombe. Tulipokwenda kumzika baadaye, mimi na Wafula tulisimama pamoja kaburini, na nakumbuka nilifikiri kwamba mzee angetufokea kwa kusimama karibu hivyo wakati linki haina mtu.

Linki yetu ikazeeka nayo. Wateja wakubwa walihamia faiba, na ile njia ya hewani ikabaki kama akiba, ya kutumika waya ukikatwa na watu wa barabara. Wakati huo nilikuwa Msimamizi wa Mafundi, nina meza, sikuhitaji kupanda. Bado kila asubuhi nilimpigia Wafula. Hakuna aliyetuagiza. Mita ilikuwa ikijisoma yenyewe kwenye kompyuta.

"Uko wapi?" nilikuwa nikimwuliza.

"Niko tu. Mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

Kisha kampuni yetu ilinunuliwa na kubwa zaidi. Meneja wa Mtandao mpya alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, aliyeniita "mathee," yaani mama, bila dharau. Aliniita ofisini, akanipa chai, akazungushazunguka. "Mathee, hii linki ya Thika na Ruiru," akasema mwishowe. "Ni legacy, ya zamani. Tunaweka ya kizazi cha tano kwa huo mlingoti. Itabidi tuishushe."

Nilimwuliza nani ataishusha. Akasema wakandarasi. Nikamwambia hapana, nitaishusha mimi, na Ruiru ataishusha Wafula, kisha mimi nitastaafu kama nilivyokuwa nimeomba na yeye pia arudi kwao kama alivyoomba. Kijana alitaka kuniambia habari ya umri na bima. Alinitazama, akaacha. Alinipa mkanda mpya na mtu wa kunishikia kamba.

Nilipanda mlingoti ule polepole, nikipumzika kila hatua chache, magoti yakinikumbusha umri. Harufu ya ngozi ilikuwa ile ile. Kilimambogo kilikuwa pale pale. Ila mbele yangu hapakuwa tena na kahawa. Kulikuwa na mabati, na matangi meusi ya maji, na ghorofa juu ya ghorofa mpaka macho yanapokomea, na juu ya nyingi kati yake nondo zimesimama. Dishi letu lilikuwa limefubaa rangi. Nati nilizozifunga kwa mkono wangu zilikuwa zimeota kutu, hazijaguswa tangu siku ile.

Nikavaa visikizi. "Unaniona?"

"Nakuona," Wafula akasema. Alikuwa akihema. "Hii tangi imeongezwa ngazi ama ni mimi nimezeeka?"

"Ni wewe."

Akacheka. Tukasomeana mita kwa mara ya mwisho, na ilikuwa bado juu, chini kidogo tu ya pale tulipoiacha. Nikamwambia mzee angefurahi. Akasema mzee angetuambia tuzungushe tena.

"Wanjeri," akasema. "Wajua, mimi nilikuwa nimekununulia chakula siku hiyo."

"Siku gani?"

"Ile ya hizi redio. Si nilikuambia nataka tuonane? Na wewe ukaniambia nifunge nati." Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu anayesimulia kisa cha zamani kisichouma tena. "Nilikuwa nimevaa shati mpya chini ya ovaroli. Nimeambia mama wa hoteli pale stage aniwekee kuku. Nikakula peke yangu."

Nikashika nguzo. "Wafula. Ulikuwa unasema dishi."

"Dishi ilikuwa imeshaonana kitambo, hata mita si ulikuwa nayo? Nilikuwa nasema wewe na mimi. Nilifikiria, niseme 'tupatane,' itakuwa kama naitisha spana. Nikatafuta neno mzuri. Nikaona umenikataa kwa heshima, nikaheshimu."

Nataka kuwaeleza nilichohisi, na sitaki kukizungushia maneno. Nilihisi kama moyo umeondolewa mahali pake na kurudishwa vibaya. Miaka yote ile nilingoja neno ambalo lilikuwa limeshasemwa, likapita masikioni mwangu likiwa wazi kabisa, na mimi nikalisoma kwenye mita. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Lakini nilimfikiria yule mwalimu mpole wa Bungoma aliyenipa kuku wa kubeba siku ya harusi, na watoto wao ambao huniita shangazi, na sentensi ile nikaimeza.

Nilisikia spana yake ikigusa nati. "Nilegeze?"

"Usilegeze kwanza," nikamwambia.

Hakuuliza kwa nini. Spana ikanyamaza. Tulikaa hivyo, yeye kule, mimi huku, madishi yakitazamana juu ya paa za watu wote wale, na mita yangu imetulia palepale. Upande wake nilisikia kunguru. Sijui alielewa nini. Kimya chake nilikijua kwa aina zake zote, na kile sikuwahi kukisikia kabla.

"Wanjeri?"

"Haya," nikasema. "Legeza."

Mita ilishuka polepole, kwa sababu aliligeuza dishi lake taratibu. Kisha ikafika chini na kubaki chini.

Sasa nakaa hapa Gitothua, na nina kile kisanduku cheupe dirishani kama kila mtu. Kina kasi. Sina ubaya nacho. Hakijali kinatazama wapi. Mawimbi yake yanagonga ukuta huu, yanarudi kwa ule, yanajipenyeza. Vijana wananiambia hayo ndiyo maendeleo, kwamba mambo hayahitaji tena kuonana ndipo yaongee, na wana haki. Mimi hukosa usingizi wa mchana nikiyatamani madishi yangu. Nazikosa zile asubuhi. Namkosa mtu mmoja kule mbali anayesimama juu ya kitu kirefu kwa ajili yangu tu, akinitafuta kwa tofauti ya unywele, akiniambia nimepotea, nirudi. Kioo chenye fremu nyekundu ninacho bado. Ninakitumia kuvalia kitambaa nikienda kanisani.

Krismasi iliyopita Wafula alinipigia kutoka Bungoma, simu ya video, na familia yote imejazana nyuma yake. Mke wake alinisalimia, watoto wakanisalimia. Picha ikakwama, kama zinavyokwama hata za kizazi cha tano. Nilisogea dirishani, nikaigeuza simu kushoto, nikaigeuza kulia, polepole, mpaka uso wake ukarudi. Ndevu zake zimekuwa nyeupe zote.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona."

"Basi usiguse tena," akasema. "Funga nati."

Mke wake na watoto wakacheka bila kujua wanachekea nini, nami nikacheka nao. Niliiegemeza simu kwenye kioo cha dirisha, nikaondoa mkono. Sikuigusa tena mpaka ikakatika yenyewe.